Mgeni Aliyekuja Kuziba Bahari

Ukitaka kucheka, cheka sasa hivi, nakupa nafasi. Nikishaanza sitaki kukatizwa, na wala sitaki mtu aniulize kama siku ile nilikuwa nimelala nikaota. Sikulala. Ulikuwa mchana, jua la utosi, nami nimesimama kwa miguu yangu miwili sakafuni kwangu, nyayo zimelowa maji ya chumvi, akili zangu zote ninazo. Watu wengi wakisikia habari za mizuka hufikiri lazima kuwe na giza na bundi. Wa kwangu alikuja adhuhuri, akabisha hodi, akatoa salamu kama Mwislamu yeyote, akafanya kazi kwa mikono yake. Wallahi nilimgusa. Nilimpa kitambaa, vidole vyetu vikagusana, na vyake vilikuwa na joto.

Mimi ni mtu wa Malindi. Aliyenipeleka Garissa ni mume wangu, Athmani, Mungu amrehemu, dereva wa lori la serikali. Hiyo ilikuwa miaka ya vita vya shifta, wale waasi waliopigana na serikali, na mtu mwenye akili timamu hakuwa akihamia Garissa, alikuwa akihama. Lakini serikali ikimwambia dereva nenda, dereva huenda, na bibi arusi hufuata. Nilifuata nikiwa bado na hina mikononi.

Vita sikuviogopa sana mwanzoni, maana ujinga nao ni ngao. Kilichonishinda ni kukosa bahari. Nimezaliwa nikiisikia. Kwetu hata ukiwa jikoni umefunga mlango, mawimbi unayasikia. Garissa nilikuwa nikitega sikio, nasikia upepo na mbuzi, basi. Nikawa nalia kila jioni kama mtoto aliyeachishwa ziwa. Athmani akijaribu kunichekesha, silii tena, nanuna, na kununa kwangu ni kubaya kuliko kulia.

Basi siku moja akaja na sanduku la vioo. Mzungu mmoja wa mambo ya mifugo alikuwa amerudi kwao baada ya Uhuru, akaliacha kwenye ghala. Lilikuwa na fremu ya chuma, na viungo vyake vimezibwa kwa ule udongo laini wa mafundi wa madirisha. Sikujua ni la nini. Safari iliyofuata ya Malindi, akarudi na mapipa ya maji ya bahari nyuma ya lori, na ndani ya pipa moja mlikuwa na vitatange wawili na bunju mmoja. Akayamimina maji sandukuni, akawatia samaki, akaniita.

"Haya," akasema, "bahari yako hiyo. Sasa nyamaza."

Je, mume wako amekufanyia nini? Usijibu. Wangu aliniletea bahari kwa lori.

Haikuwa kazi nyepesi kuwaweka hai viumbe wale katika nchi ile ya joto. Athmani alichukua mpira wa ndani wa tairi, akaujaza upepo, akafunga kijibomba chembamba na kukibana kwa kibanio, ili upepo utoke kidogo kidogo majini, samaki wapate kupumua. Mpira ukiisha upepo, niliujaza kwa pampu ya mkono. Mpira ukitoboka, nilichota maji kwa kikombe na kuyamwaga kutoka juu, chota mwaga, chota mwaga, mpaka bega liume. Athmani alikwaruza alama kwenye kioo kwa msumari. Maji yakipungua kwa jua, niongeze maji ya mto yaliyochemshwa, si ya chumvi, maana jua hunywa maji na kuiacha chumvi palepale. Na ndoo ya bati nisiitumie kabisa, bati likikutana na chumvi ni sumu. Hayo yote aliyajua kwa kubahatisha na kuzika samaki. Vitatange walikufa mapema. Bunju akabaki.

Bunju unamjua? Samaki mwenye macho ya mtu anayekudharau, na ukimuudhi anavimba kama mpira. Tukamwita Bwana Shauri, kwa sababu ya afisa mmoja wa boma aliyekuwa akivimba hivyohivyo mtu akimletea malalamiko. Alikula vijipande vya nyama mkononi mwangu. Kulia nikaacha.

Jirani yangu alikuwa mama mmoja wa Kisomali, mtu mzima, mwuza maziwa. Nilimwita Edo Dahabo, maana Edo kwao ni shangazi. Nyumba yake ilikuwa ng'ambo ya ua wangu wa miiba, na kupitia ua huo tulipeana kila kitu, chumvi, makaa, umbea. Edo hakumpenda bunju hata kidogo. Watu wake ni watu wa ngamia, na samaki kwao hakuwa chakula, alikuwa kitu cha kutemea mate.

"Wewe msichana ya Bwani," aliniambia siku ya kwanza alipomwona, "hii ni nyoka ya maji. Watu hawana nyama, wewe nalisha nyoka!"

"Si nyoka, Edo. Ni mgeni wangu."

"Mgeni haina miguu?"

Kiswahili chake alikipata sokoni, na kilikuwa na mambo yake. P kwake ilikuwa B, V ikawa F. Pole ikawa bole, chumvi ikawa chumfi. Garissa ilivyo, anayetoka pwani kwa njia ya Hola huja kwa ng'ambo, na lazima avuke mto Tana ndipo aingie mjini. Ng'ambo kulikuwa na hatari, huku kulikuwa na askari, kwa hiyo aliyevuka alikuwa amepona. Kila Athmani akisafiri, Edo alikuwa akiniuliza kupitia ua, "Bwana yako amefuka?" Mara ya kwanza nilibaki nimeduwaa. Afuke ana nini, nikamwuliza, yeye ni kuni mbichi? Edo akacheka aliponielewa, nikacheka mimi, jioni nikamsimulia Athmani, akacheka mpaka akashika mbavu. Tangu hapo ukawa mzaha wa nyumba. Akirudi safari alikuwa hasemi hodi. Alikuwa akigonga mlango na kupaza sauti, "Fungua, nimefuka!" Nami moyo wangu unarudi mahali pake.

Nakueleza haya ili ujue sikio langu lilivyokuwa. Kila F ya Garissa nilikuwa nimejifundisha kuisikia kama V. Sikuwa hata nikifikiri. Neno likiingia limepinda, ndani mwangu linanyooka lenyewe.

Vita vikazidi. Magari yakawa hayaendi ila kwa msafara wa askari. Mwana wa Edo alikuwa amechukuliwa katika msako, hajulikani alipo, na ngamia zake zimeswagwa na watu wa serikali. Hata hivyo bado alinipa maziwa, mimi mke wa mtu wa serikali. "Sisi wote nakanyagwa," alisema. "Askari kwa mbele, shifta kwa nyuma. Kunywa maziwa yako." Athmani akatumwa Malindi kuleta vifaa, akaniahidi kunijazia mapipa, kwani maji ya sandukuni yalikuwa yamechoka na Bwana Shauri alikuwa hali vizuri. Aliondoka akiwa ametia kidole kwenye pembe ya sanduku, akatikisa kichwa. "Udongo huu umekauka, mke wangu. Nikirudi nitaziba."

Siku niliyomtazamia kurudi, kabla ya alfajiri, tulisikia milio mbali, ng'ambo ya mto. Milio ya bunduki tulishaizoea, lakini kulikuwa na mshindo mmoja uliotikisa vikombe kabatini. Kulipokucha, gari la vipaza sauti likapita likitangaza kafyu ya siku nzima. Asionekane mtu nje, atakayeonekana atapigwa risasi. Mji ukanyamaza. Hata mbuzi walifungiwa. Mimi nilikuwa na jambo moja tu moyoni, kama Athmani yuko ng'ambo au huku. Nilisali, nikaketi, nikasimama, nikasali tena.

Karibu na adhuhuri ndipo niliposikia maji yakichuruzika.

Pembe ya chini ya sanduku ilikuwa imeachia. Si tone tone. Ulikuwa mfereji, unashuka mezani, unatandaa sakafuni, unaelekea mlangoni kana kwamba bahari imechoka kukaa kwangu inarudi kwao. Nikaweka kiganja pale, maji yakapita baina ya vidole. Nikaweka kanga, ikalowa. Maji yalikuwa yameshashuka chini ya ile alama ya msumari, na Bwana Shauri amevimba, anazunguka chini, haelewi paa la dunia yake linashukaje. Ndoo ya bati ilikuwa karibu, nikaikamata, nikaitupa. Beseni lilikuwa na sabuni. Nikapiga kelele, si za kumwita mtu, maana nani angekuja? Kafyu. Nililia tu, tena safari hii si kwa ajili ya bahari. Niliona kama samaki yule akifa Athmani hatarudi. Ni upumbavu, najua, lakini mtu anayengoja hushikilia chochote.

Mlango ukabishwa.

"Asalaam aleikum."

Nikafungua bila kuuliza ni nani. Alikuwa mwanamume mrefu, mwembamba, sura ya Kisomali, amevaa shuka nyeupe iliyolowa pindo. Alinuka moshi. Hilo halikunishtua, wachungaji wote wananuka moshi, na hata maziwa yao yananuka moshi kwa vile wanavyofukiza vibuyu. Akanitazama mimi, akatazama sakafu.

"Pole, mama," akasema. "Maji yanavuja."

"Umepitaje? Kafyu!"

Akavua viatu mlangoni kwa adabu, akaingia. "Mtungi wa maji ya kunywa uko wapi? Umwage. Mtie samaki humo, na maji yake mwenyewe."

Kwa nini sikufikiria mtungi? Niliyamwaga maji ya mto kwenye sufuria, nikamchota Bwana Shauri kwa bakuli la kaure, nikamtia mtungini. Maji ya bahari yaliyobaki tukayahamisha kwa bakuli hilohilo kwenye vyombo vya udongo mpaka sanduku likabaki tupu, mchanga na makombe tu.

"Nipe ubani," akasema. "Na mshumaa, kama unao."

Ubani nilikuwa nao wa chetezo, aliniuzia Edo. Akauvunja vipande, akauyeyusha pamoja na nta ya mshumaa kwenye kifuniko cha kopo. Akaniambia nitie makaa katika pasi, akaiweka karibu na pembe ya sanduku mpaka chuma na kioo vikakauka kabisa. Kisha akaikanda ile nta na ubani ingali moto, kwa vidole vitupu, bila kushtuka, akaishindilia kwenye ufa kwa kidole gumba, polepole, kutoka chini kwenda juu. Ndivyo wanavyoziba vyombo vya maziwa vikipasuka, akasema. Nikamtazama mikono. Moshi wa ubani ulijaa chumba chote, na ndani yake ule moshi wake mwingine bado niliusikia, mzito zaidi, kama wa mpira.

"Chumvi itakula chuma hiki," akasema. "Lakini hapa hapatapita maji."

Ndipo nilipomwuliza. Nilikuwa nimejizuia, kwani nilikuwa naogopa.

"Umetoka ng'ambo?"

"Nimetoka ng'ambo."

"Umemwona mume wangu? Athmani, dereva wa lori."

"Nilikuwa pamoja naye garini. Yeye ndiye aliyenituma. Alisema, nenda ukamzibie maji."

"Kwa hiyo gari—"

"Gari limefuka, mama," akasema.

Unajua tayari sikio langu lilivyolipokea neno hilo. Nilipiga kigelegele. Mbele ya mwanamume mgeni, mwanamke wa watu, nilipiga kigelegele! Nikasema alhamdulillahi mpaka nikachoka. Yeye alikuwa ameinamisha kichwa anapangusa vidole vyake kwa kitambaa nilichompa, na uso wake ulikuwa na huzuni ambayo niliiona, naapa niliiona, nikadhani ni uchovu.

Nikamwambia akae nimpikie chai.

"Asubuhi nilikuwa na kiu," akasema. "Sasa sina."

"Na Athmani anakuja saa ngapi? Wamemzuia boma?"

Akakikunja kile kitambaa polepole, kama mtu anayetafuta neno lisilokata. "Usimngoje na chakula, mama."

Nikaelewa kuwa ataripoti boma kwanza, kafyu ikiisha ndipo aje. Mambo yote niliyaelewa siku ile, sikuacha hata moja. Tukarudisha maji sandukuni. Hayakufika nusu, lakini hayakuvuja. Bwana Shauri akapungua uvimbe wake, akaanza kuogelea. Nikasema si kitu, maji mengine Athmani anakuja nayo. Mgeni akanitazama, akafungua midomo, akaifumba. Akavaa viatu vyake.

"Mungu akupe subira," akasema, akatoka.

Nilimfuata mlangoni kumshukuru. Pale njiapanda, hatua chache tu, walikuwapo askari wamekaa chini ya kivuli cha gari lao, bunduki magotini. Alipita mbele yao na shuka yake nyeupe. Hakuna aliyegeuza shingo. Nikajisemea, huyu lazima ana ruhusa. Kumbe ruhusa yenyewe haikutoka boma.

Nikakimbilia uani, nikaita kwa sauti ya chini, "Edo! Edo! Amefuka!"

"Nani nasema?"

"Yule mgeni aliyekuja kwangu sasa hivi. Alikuwa na Athmani garini."

Edo akasema, "Mimi nakaa kwa dirisha tangu asubuhi. Naangalia mlango yako, kwa sababu nasikia nalia. Hakuna mtu amebita."

"Macho yako yamechoka, Edo," nikamwambia, nikicheka. Nilicheka!

Mchana ule wote nilikuwa mtu mwingine. Nilideki maji sakafuni, nikapika wali kwa ile nazi ya mwisho niliyokuwa nayo, nikaoga, nikajifukiza udi, nikavaa leso mpya aliyonunua yeye. Jioni nikaketi mbele ya sanduku, nikamlisha Bwana Shauri, akala. Usiku ukapita, sikuona ajabu, kafyu. Alfajiri nikapasha moto chakula.

Aliyegonga mlango asubuhi alikuwa karani wa boma, kijana wa bara, Mkristo mmoja mpole aliyekuwa akija kwetu kumtazama bunju. Kofia aliishika mkononi. Nilipoiona kofia ile mkononi badala ya kichwani, ningepaswa kujua. Sikujua.

"Pole sana, mama."

"Pole ya nini? Yuko wapi? Mnamweka boma mpaka lini?"

Akatazama chini. "Lori lake lilibaki nyuma ya msafara. Wamelikuta ng'ambo, limeungua."

"Si lake," nikasema. "Lake limevuka jana. Nimeletewa habari."

"Halikuvuka, mama."

"Limevuka! Aliyekuwa naye garini alikuja hapa akaniambia kwa mdomo wake!"

Yule kijana akaanza kulia mbele yangu, na huku analia akasema, kwa wema tu, ili niamini, "Mama, sisi kule juu boma tulikuwa tunaona tangu jana asubuhi. Moshi ulikuwa unafuka ng'ambo ya mto. Lilifuka mchana kutwa."

Sikuanguka. Watu wanasema nilianguka, si kweli. Nilisimama pale nikawa namsikia yule mgeni upya, neno kwa neno. Pole, mama, alisema. Hakusema bole. Maji yanavuja, alisema. Nipe ubani. Chumvi itakula chuma. Hapatapita maji. P zake zilikuwa P, na V zake zilikuwa V, safi kama za mtu wa Malindi. Sasa niambie wewe, mtu anayeweza kusema yanavuja, atashindwaje kusema limevuka? Hakushindwa. Alisema alichokusudia kusema. Alikuwa amebeba ukweli wote, akauweka mbele yangu kwa heshima, nami nikaunyoosha mpaka ukawa uongo. Waliosema sikio la kufa halisikii dawa walinijua.

Walikuwa wawili garini. Athmani, na mtu mmoja mrefu aliyeomba lifti njiani, hakuna aliyemjua jina wala kabila la baba yake. Kilichowapata, bomu lililozikwa barabarani au risasi kwenye tangi la mafuta, hakuna aliyetuambia, na kila upande ulisema ni mwingine. Athmani wangu aliungua. Yule mwingine alikuwa amerushwa mbali, moto haukumfika. Waliomwosha walikuwa wazee wa mtaa wa Edo, na Edo ndiye aliyenieleza, nikiwa nimeshaketi eda. Shuka yake ilikuwa imelowa maji ya chumvi. Hilo sawa, mapipa yalipasuka. Lakini vidole vyake vya mkono wa kulia na kidole gumba vilikuwa na ubani ulioganda pamoja na nta. Waliusugua, ukakataa kutoka, wakamzika nao. Edo aliponiambia hivyo alikuwa amenishika mkono.

Hakuwapo tena wa kuniletea maji. Nilikaa eda palepale Garissa kwa kuwa njia zilifungwa. Ile pembe haikuvuja tena, lakini jua likaendelea kunywa, na chumvi ikazidi ukali siku hadi siku. Bwana Shauri alikufa kabla eda haijaisha. Nilimkuta juu ya maji, hakuvimba. Sikuwa na chozi la kumpa. Nikamwita Edo, nikamwambia amtupe, maana mimi sikuweza hata kunyanyua mkono.

Edo Dahabo, ambaye hakuwahi kumgusa samaki tangu azaliwe, aliingia, akamtoa kwa mikono miwili, akamfunga katika kipande cha shuka safi. Nilimsikia nyuma ya nyumba akichimba kwa jembe dogo, na ardhi ya kule ni ngumu.

"Edo, ungemtupa tu," nikamwambia aliporudi.

"Wewe ulisema ni mgeni," akasema, akipangusa jasho. "Kwetu mgeni akifa, nazikwa."

Mwanawe hakurudi kamwe, mama yule. Hakupata hata wa kumzika.

Nilirejea Malindi njia zilipofunguka, na sijaolewa tena. Ubani siwezi kuunusa. Kwenye arusi na maulidi wanangoja nitoke nje ndipo wafukize. Waswahili wana neno lao, la kuvunda halina ubani, na kila nikilisikia natoka pia. Ikifika adhuhuri, nyumba ikanyamaza, bado mlango wangu naufungua. Sijui namngoja nani kati ya wale wawili. Mmoja nataka kumwuliza, hivi, Athmani alipokutuma kwangu, alikuwa bado hai, au tayari? Alisema jambo gani lingine? Kulikuwa na neno langu mimi, mbali na maji? Nilikuwa na muda wa kuuliza yote hayo. Nilikuwa naye chumbani, tumeinamia sanduku moja.

Basi wewe uliyenisikiliza mpaka hapa, shika hili. Mtu akikujia na habari ya umpendaye, awe binadamu au asiwe, usimtengenezee maneno yake. Yachukue yalivyopinda. Mkalishe, mshike mkono, mwambie rudia. Hata ukiogopa, hasa ukiogopa. Wapo wanaoniambia kwamba yule mgeni alinihurumia, kwamba aliniona nimefurahi akashindwa kunisahihisha, akaniachia mchana mmoja zaidi wa kuwa mke wa mtu. Huenda. Kwa wengine ingekuwa zawadi. Mimi siwezi kuipokea wala kuirudisha, maana nilikuwa mjane tangu alfajiri, na nilipokuwa nikideki yale maji, nikipika, nikijifukiza udi, nilikuwa naimba.